Nani Anamaliza Betri ya Mwalimu

Baba yangu amefundisha nusu ya mji huu kuendesha gari, na nusu iliyobaki amewahi kuifokea barabarani. Wote wanamwita Mwalimu, hata trafiki. Mtu aliyepita mikononi mwake utamjua tu. Hukaa wima, huangalia kioo kabla hajapumua, na akishika ufunguo lazima atulie kwanza asome dashibodi, maana enzi za baba ukiondoa gari bila kusoma geji zako ulishushwa hapohapo ukarudi kwa miguu.

Mimi ni kitinda mimba wake, na ni fundi umeme wa magari. Watu husema nimefuata nyayo za baba, nami huwaacha waseme. Ukweli ni kwamba yeye analijua gari likiwa linakwenda, mimi nalijua likiwa limegoma. Mahali tunapokutana ni kwenye geji.

Ya kwanza kunifundisha, kabla hata miguu yangu haijafika kwenye pedeli, ilikuwa geji ya betri. Gari letu ni la zamani, lina geji ya sindano, si kama haya ya siku hizi yanayokuwashia taa nyekundu wakati maji yameshakufika shingoni. Baba aliniketisha mapajani akanionyesha kwa kidole. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha, sindano ikae hapa, chini kidogo ya katikati. Injini ikishika, ipande ivuke katikati. Isipopanda, ujue altaneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, hailishi betri. Ikipanda kupita kiasi, inailisha hadi kuivimbisha. "Umeelewa, mama?" aliniuliza, maana baba zetu hutuita mama tukiwa bado tunanyonya vidole. Nilielewa, na nadhani siku hiyo ndiyo niliyoposwa na kazi hii.

Kwa hiyo aliponipigia simu kwa mara ya tatu kusema gari haliwaki, niliona aibu. Mganga hajigangi, sawa, lakini angalau amgange baba yake.

Mara ya kwanza lilizima njia panda, magari nyuma yake yakipiga honi. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, sasa ana kitambi na gari kubwa, alishuka kusukuma, kisha akamuuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, hukuacha taa kweli?" Nilipofika nikakuta terminali ya betri, pale waya unaposhika, imelegea na kuota ukungu mweupe. Nikaisugua, nikaikaza, gari likawaka. Nilimweleza baba kwamba tatizo lilikuwa terminali na si taa. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hajaamini.

Mara ya pili lilizimia uani nyumbani. Nikasema betri imezeeka, nikaweka mpya. Mara ya tatu ndiyo hii: betri mpya kabisa, na ukigeuza ufunguo stata inakohoa mara moja inanyamaza.

Nililishtua kwa waya kutoka betri ya gari jingine, nikalipeleka gereji kwangu. Nikaijaza betri chaji taratibu, kisha nikaanza kumtafuta mchawi. Injini ikiwa inanguruma mita yangu ya umeme ilisoma volti kumi na nne na ushee, nikawasha taa kubwa, feni na redio kwa pamoja, isitetereke. Altaneta nzima. Mkanda wake umekaza. Nikazima kila kitu nikapima kama kuna umeme unaovuja gari likiwa limelala, maana taa ndogo ya buti inaweza kunyonya betri nzima bila mtu kujua. Hakuna kilichovuja zaidi ya tone la saa ya dashibodi. Gari likalala kwangu, asubuhi nikaligusa tu likawaka. Likalala tena, likawaka tena.

Baba alikuja kwa miguu, amevaa shati lake la kufundishia. Nikamwambia kwa furaha, "Baba, gari ni zima. Betri nzima, altaneta nzima, waya zote nzima."

Nilidhani nimempa habari njema. Akaketi kwenye benchi la wateja, akaziweka funguo za akiba juu ya meza yangu katikati ya fyuzi.

"Kama gari ni zima," akasema, "basi mgonjwa ni mwingine."

Sikumwelewa. Akaniambia polepole, macho yake kwenye sakafu yenye grisi. Kuna asubuhi alikuta kiti cha dereva kimesogezwa mbele kabisa. Siku nyingine redio imewekwa kituo cha mpira, na baba mpira hata bure haangalii. Ufunguo alikuwa akiutundika msumarini akaukuta umegeukia upande mwingine. "Nafanya vitu, mama, halafu nasahau kwamba nimevifanya. Naacha taa. Naacha redio. Betri hazijimalizi."

"Baba, mtu haachi tu..."

"Kaka yangu alianza hivihivi."

Nikaiweka mita chini. Baba mkubwa alianza kwa kuacha bomba wazi, kisha jiko, na mwisho alimuuliza mkewe atarudi kwao lini maana mke wake anakaribia kufika. Mama mkubwa alitoka nje akalilia kwenye kamba ya nguo. Sote tulikuwepo.

"Liuze," baba akasema. "Nimefundisha watu maisha yangu yote wasiue watoto wa watu barabarani. Sitaki niwe wa kwanza kufanya hivyo. Na mama yako usimwambie."

Nina hasira za karibu, waulize wateja wangu. Lakini siku ile sikuwa na wa kumkasirikia. Nilimwangalia yule mzee aliyewahi kunifokea kwa kushika usukani kwa mkono mmoja, amekaa pale mabega yameshuka, nikampenda kuliko siku zote. Kisha akili ya kifundi ikanirudia. Umeme hauna miujiza. Na kiti cha gari nacho hakisogei chenyewe.

"Nipe siku moja," nikamwambia. "Nalirudisha nyumbani, naja kulala huko. Usiguse chochote, ishi kama kawaida."

Chumba changu cha zamani sasa ni stoo ya vitu ambavyo mama hataki kuvitupa, ila dirisha lake bado linatazama uani. Nikalala katikati ya mabeseni. Kulipopambazuka baba akaingia bafuni akaanza kuimba. Baba huoga kwa sauti, na akishaanza hata ukuta ukianguka hasikii. Mlango wa mbele ukafunguka taratibu.

Akatoka mama, miguuni kavaa ndala za baba.

Lazima niseme kitu hapa. Mama yangu haendeshi. Walipooana, baba alijaribu kumfundisha mara moja tu. Mama alishuka katikati ya somo akasema mwanamume atakayemfokea kwa ajili ya klachi hatakula chakula chake. Wakachagua amani, na mwalimu wa udereva akaishi na abiria.

Sasa huyo abiria akafungua mlango wa dereva, akaketi, akavuta kiti mbele mpaka kifua kikakaribia usukani. Akakaa wima. Akaangalia kioo. Akakanyaga klachi, akafungua ufunguo, akatulia kusoma dashibodi, ndipo akawasha. Sijaona mwanafunzi wa baba aliyefanya vizuri zaidi. Injini ikaunguruma kidogo, mama akainama kutazama geji, akatabasamu, akaipapasa dashibodi, akazima. Akarudi ndani kuchemsha chai kabla baba hajamaliza ubeti wa pili.

Nikakaa chini kwenye beseni. Mmoja tumempata, nikasema moyoni.

Mchana baba alipojinyoosha kwa usingizi wake wa kawaida, mlango wa chumba cha uani ukafunguka. Huko anakaa ba'mdogo, mdogo wake baba, fundi cherehani. Akaja na futi yake shingoni, akiangalia kushoto na kulia utadhani anakwenda kuiba kuku. Akaingia garini, akawasha, akatafuta habari za mpira redioni, akapiga resi tatu za nguvu, akazima, akarudi kwenye cherehani yake. Kiti hakukigusa. Redio aliiacha palepale kwenye mpira.

Jioni akatoka baba mwenyewe. Sikuwa nimemtarajia. Akaketi, akasukuma kiti nyuma, akawasha, akaikodolea macho sindano. Akazima. Akakaa kidogo, akawasha tena ili apate uhakika. Akazima. Kisha akawasha taa kubwa ili ahakikishe kwamba zinazimika.

Ningecheka kama nisingeuona uso wake.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakanda unga. Nikafunga mlango.

"Mama, unawasha gari la baba."

Hata hakugeuka. "Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

Akaendelea kukanda kidogo. "Tangu ile siku ya njia panda hakuwa sawa," akasema. "Alirudi amenywea. Nikasema gari hili halitamwaibisha tena, mimi nipo. Kila asubuhi naliamsha, naangalia sindano, ikipanda najua limejaa, nazima. Moto usipochochewa si unazimika? Usimwambie tu. Atadhani namwona amezeeka."

"Na kuwasha ulijifunzia wapi?"

"Nimekaa kando yake miaka yote hii. Ulidhani nilikuwa naangalia mandhari?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nikimwambia baba, atajua mkewe na mdogo wake walimwona hawezi. Nisipomwambia, ataendelea kuamini kichwa chake kinavuja. Na alinikataza nisimwambie mama. Lakini siri nyingine ukizitunza zinaoza na mtunzaji wake, na mimi harufu ilikuwa imeshanifikia.

"Mama," nikasema, "baba anataka gari liuzwe. Anadhani anaacha taa na redio halafu anasahau. Anadhani ameanza kama baba mkubwa."

Mama akaacha kukanda. Akavuta kigoda akakaa, mikono yake imejaa unga, kaiinua juu asichafue nguo.

"Amekuambia wewe," akasema. "Mimi hakuniambia."

"Alitaka usiumie."

"Analala kando yangu na jambo kama hilo?" Sauti yake ilikuwa imepasuka. Akainuka, akanipita, akafungua mlango kwa kiwiko akatoka uani na unga wake mikononi. Nikamfuata mbiombio.

Baba bado alikuwa ndani ya gari, ameshika usukani, haendi popote. Mama akainama dirishani.

"Mzee, betri naimaliza mimi."

Baba akamtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya ng'ambo.

"Kila asubuhi ukiwa bafuni naliwasha. Kiti nakisogeza mimi. Miguu yangu mifupi, utanisamehe."

"Wewe? Unawasha gari?"

"Nakanyaga klachi kwanza, usiogope."

Ba'mdogo alikuwa amechungulia mlangoni mwake. Nikamwita kwa jicho ambalo wateja wangu wanaolijua huwa hawachelewi. Akaja anavuta miguu. "Kaka, mimi mchana tu," akasema. "Kuna dereva teksi aliniambia gari la mzee lisiachwe likalala. Basi ukishasinzia nalichangamsha kidogo. Dakika mbili."

"Na redio?"

"Kuchangamsha bila redio kunachosha, kaka."

"Na wewe mwenyewe jioni, baba," nikaongeza. "Mara mbili. Na taa."

Nilikuwa nimejiandaa kuwapa somo. Nilishalipanga kichwani, na mita nilikuwa nayo mfukoni. Sikupata nafasi. Mama alikuwa amekwisha kujitetea kwamba yeye hakuzima ovyoovyo, alisubiri mpaka sindano ipande, na sindano ikipanda si imejaa, kama ya mafuta? Baba akageuza shingo. Nikamwona Mwalimu anarudi, kuanzia kwenye nyusi.

"Kama ya mafuta?" akasema. "Nani kakwambia kama ya mafuta? Ingia hapa. Na wewe ingia nyuma. Mmeishi na mimi miaka yote mnanitia aibu namna hii?"

Wakaingia. Mimi nikasimama dirishani.

"Geji ya mafuta inakuonyesha kilichomo tangini," baba akasema, kidole kwenye kioo cha geji. "Hii haionyeshi kilichomo. Injini ikiwaka, inakuonyesha altaneta inalisha au hailishi. Sindano kupanda maana yake chakula kimefika mezani. Haina maana mtu ameshiba. Wewe mke wangu unamwita mgonjwa mezani, unampakulia, kabla hajatia tonge mdomoni unaondoa sahani. Na kumwamsha tu kwenyewe kumemtoa jasho, maana hakuna kitu kinachokula betri kama stata. Halafu mchana anakuja huyu na resi zake, anamwamsha tena, anaondoa sahani tena. Halafu jioni..."

Akasita.

"Jioni unakuja wewe," mama akamalizia.

"Jioni nakuja mimi," baba akasema, na sauti ya kufundishia ikamwishia. "Na sokoni tu ndiko ninakokwenda nalo siku hizi, hapo karibu, maana nilikuwa naogopa kwenda mbali. Betri italipwaje kwa safari ya sokoni?" Kisha akauliza tena, taratibu, kama anayegusa jino lililokuwa linauma. "Kwa hiyo kiti ni wewe. Na redio ni huyu. Na ufunguo msumarini."

"Ufunguo mimi naugeuzia ukutani," ba'mdogo akasema. "Nadhani."

Baba akainamisha paji la uso kwenye usukani. Mabega yakaanza kutikisika, na hatukujua anacheka au analia, mpaka kichwa chake kikabonyeza honi, ikapiga mfululizo na majirani wakachungulia. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa na alikuwa anacheka. Ba'mdogo akajifuta macho kwa futi yake.

"Betri haitaki kuchajiwa gereji," nikasema, ili na mimi nionekane fundi. "Inataka barabara ndefu. Saa nzima bila kuzima."

Ba'mdogo akasema ana suruali ya mtu ya kumaliza, akashuka. Nikaingia nyuma. Mama hakutaka hata kurudi ndani kunawa mikono, akafunga mlango wake na unga ukabaki kwenye kitasa. Baba akaangalia kioo, akasoma geji zake zote, akatoka.

Tulipita sokoni bila kusimama. Tukaipita njia panda ile, baba akaivuka bila kuitazama. Mji ukaisha, barabara ikanyooka. Sindano ilikuwa imetulia mahali pake, juu kidogo ya katikati.

"Ungeniambia mimi," mama akasema hatimaye.

"Niliogopa. Ukishajua, kila nikiuliza chumvi iko wapi ungenitazama."

"Ningekutazama, ndiyo. Nimezoea kukutazama."

Baba akaendesha kidogo. "Kila usiku kabla ya kulala nilikuwa najipima," akasema. "Kimyakimya. Nataja watoto, kuanzia kifungua mimba mpaka huyu wa nyuma. Halafu wakwe. Halafu wajukuu wote na tarehe zao. Mtoto wetu wa tatu ndiye aliyekuwa ananisumbua."

"Huyo hata mimi namsahau kwa makusudi," mama akasema. "Halafu?"

"Halafu nakutaja wewe. Majina yako yote, na la utotoni."

"Yaani mimi nakuja mwisho. Baada ya wakwe."

"Niliogopa kuanza na wewe," baba akasema, macho barabarani, "nikakukosa."

Mbele yetu kilianza kilima. Baba akashika gia ili ateremshe namba. Mama akauweka mkono wake wenye unga juu ya mkono wake, jambo ambalo Mwalimu hajawahi kumruhusu mtu yeyote garini mwake, na wakaiteremsha wote wawili.